Josia Anataka Kuwa wa Ng'ambo

Tunduma, Jumapili, Juni 1974

Nimechoka na huyu Josia, mwanangu wa kwanza. Amekuja kutoka mgodini Zambia na kitenge kipya mkononi, nikajua ana shida.

Huko sasa kazi za mgodi wanataka kuwapa wenyeji tu. "Mama, si ulinizaa Nakonde? Njoo uwaambie." Ni kweli. Kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa kwa bibi yake, na mama yangu alikaa Nakonde, upande ule wa Zambia. Ni karibu, ungeweza kwenda kuomba moto ukarudi nao bado unawaka. Nani alijua patakuwa nchi nyingine?

Sasa ili wamwandike Mzambia, inabidi aukane Utanzania. Nikamuuliza, "Na shamba la baba yako?"

"Si langu, Mama?"

Mjinga huyu. Mwenyekiti wa kijiji alishasema mgeni hapewi ardhi.

"Basi atalima dada yako," nikamwambia. Akaacha ugali wake.

Kesho nitavuka mpaka nikaseme nilimzaa huko. Ana watoto watano, watakula nini? Ila linaloniuma ni hili: siku nikifa, mwanangu ataomba kibali kwanza ndipo aje kunizika.