Jina Ambalo Nekesa Hakuliimba

Jumapili, Kitale. Mvua imenyesha tangu tutoke kanisani na haina dalili ya kuacha. Duka sikulifungua hata kidogo. Nani atanunua mbolea kwenye tope hili? Nimekaa na chai iliyopoa, na nina uamuzi wa kufanya kabla ya asubuhi.

Nianze na aibu.

Wiki tatu zilizopita nilimkosea adabu mwimbaji bora kuliko wote ninaowajua, mbele ya watu, na yeye ndiye aliyekuwa na haki.

Mimi huuza mbegu na dawa za mifugo. Nyimbo naandika wateja wakipungua, nyuma ya risiti. Kuimba siwezi, sauti yangu ni ya kufukuzia ndege shambani. Kwa hivyo ndugu yangu mdogo, Wafula, alipofariki mwaka jana, niliandika wimbo na kumpa Nekesa auimbe. Nekesa namjua tangu akiwa sauti ya pili kwenye kwaya ya vijana. Siku hizi ameolewa Kabuchai, na hakuna harusi ya maana Bungoma inayofanyika bila yeye.

Kiitikio nilikiandika hivi: "Wafula, mvua imerudi, mbona wewe hujarudi?" Alizaliwa msimu wa mvua, ndiyo maana akaitwa hivyo. Mimi Simiyu ni wa kiangazi. Nilitaka kitu kimoja tu, jina lake lisikike redioni. Hakuwahi kufanya jambo la kutangazwa, na nilitaka watu walitaje walau kwa kuimba.

Tulirekodi mtaani Kibomet kwa prodyuza anayeitwa Kiprop, katika chumba kilicho nyuma ya saluni, trei za mayai zimebandikwa ukuta mzima na vijana wake wa gitaa wamejibana pembeni. Nekesa aliimba ubeti wa kwanza mpaka Kiprop akavua kofia. Alipofika kwenye kiitikio, mahali pa jina akafunga mdomo na kuimba mmm tu, kisha akaendelea na mvua imerudi. Tukarudia. Mmm tena. Mara ya nne Kiprop akasimamisha mashine.

"Nekesa, umesahau jina ama?"

"Sijasahau. Si ni baba mkwe anaitwa hivyo." Alikuwa anaangalia chini. "Nitamtaja aje kwa redio, na hata mkono wa salamu sijawahi kumpea?"

Mimi ni Mbukusu. Najua vizuri kwamba mke wa mtu hamtaji baba mkwe kwa jina. Tena harusini kwake nilikuwepo, nikala sahani mbili, na jina la mzee lilitangazwa kwa kipaza sauti. Niliandika wimbo mzima bila kulikumbuka.

Akapendekeza tuweke Wekesa. Nikakataa. Wekesa ni wa msimu wa mavuno, na mimi sikuwa naandika kalenda. Kisha nikasema neno ambalo ningelimeza kama lingerudi: kwamba harusini anaimba hata nyimbo za walevi, ila kwa ndugu yangu ndipo anapokumbuka heshima.

Nekesa alikunywa maji, akarudi kwenye maikrofoni, akaimba beti zote hadi mwisho. Akatuaga sote, na mimi pia.

Baada ya hapo Kiprop alinishauri nilitaje jina mimi mwenyewe, alipachike pale palipobaki wazi. Nikalitaja. Ukiisikiliza rekodi hiyo utadhani kuna mtu anaita ng'ombe aliyevuka mto. Lakini jina lipo, na nilijiambia inatosha.

Jana Kiprop akanipigia. "Simiyu, kuja bana. Nekesa alikuwa hapa, amerudia ile sehemu."

Nikaenda, nikakaa, akaniwekea. Pale pa jina hapakuwa na mmm tena. Ulikuwa mwito mrefu usio na neno, unapanda mara mbili kisha unashuka taratibu. Nilijikuta nimesimama, mkono uko kwenye kitasa cha mlango, kabla sijajua ninakwenda wapi.

Ni mwito wa Mama. Kila jioni, tukiwa watoto kule Lugulu, alisimama ukingoni mwa mahindi akatuita nyumbani vile vile. Sikuwahi kumwambia Nekesa habari hizo.

Nikampigia Mama. "Huyo msichana alikuja hapa juzi," akasema. "Tulishinda na yeye siku mzima. Ananiuliza, ati nilikuwa namwita Wafula vipi akiwa mbali? Amenifanya niite mpaka jirani akauliza kama kuna ndama amepotea!" Akacheka. Sikuwa nimemsikia Mama akicheka tangu tuzike.

Nimelifikiria jambo hili mchana kutwa. Mwenye wimbo ni mimi, na sikuwahi kumuuliza Mama hata swali moja. Mtu niliyemtukana ndiye aliyefunga safari kutoka Kabuchai, kwenye mvua hii, kutafuta namna ya kumwita ndugu yangu bila kuivunjia heshima nyumba aliyoolewa. Kipaji tumezoea kukisifu. Mimi namsifu Nekesa kwa moyo wake.

Kesho asubuhi Kiprop anataka kujua ni rekodi gani itoke, yenye sauti yangu au yenye mwito. Ikitoka ya Nekesa, hakuna atakayejua redioni kwamba palikuwa na mtu aitwaye Wafula. Sitadanganya, inauma.

Itatoka ya Nekesa.

Nikishamwambia Kiprop nitashuka Kabuchai kuomba msamaha, nyumbani kwake, mbele ya mumewe, maana nilimvunjia heshima mbele ya watu.

Nimeusikiliza mwito huo tena sasa hivi kwenye simu. Mama alipoita hivyo tulikuwa tunakuja wawili, tunasukumana njiani. Jana pale studio nilisimama peke yangu.