Babu wa Rehema Nilimjua

Kwa Mama Kemunto,

Hujambo, mke wangu? Mgongo wa Mama unaendeleaje? Na yule ng'ombe amezaa, au bado anatuchezea akili? Mimi huku Doha ni mzima, ila tumbo limeongezeka. Usicheke, ni wali wa kila siku.

Nina jambo la aibu ambalo nimeshindwa kulisema kwa simu.

Jumatatu nilisahau kadi ya kazi. Mlinzi mpya wa lango akanizuia, nikasimama juani kama mwanafunzi aliyechelewa. Akatokea Mnepali mmoja tunayelala naye chumba kimoja, ambaye hata jina langu hulitamka vibaya. "Huyu namjua," akasema. "Ni wetu." Nikaingia. Lakini siku nzima sikuweza kumtazama usoni, kwa sababu nilimkumbuka Rehema, yule binti wa mjini aliyekuja kuomba kitambulisho.

Unakumbuka nilivyojivuna nilipoteuliwa kwenye ile kamati ya kuwapiga msasa wanaoomba vitambulisho, hata nikanunua kofia? Watoto wa kabila letu hawakuulizwa kitu. Majina yao yalitosha. Sheria ni moja, lakini watoto wa Waislamu wa mjini, waliozaliwa hospitali ileile na Kemunto, ilibidi watuthibitishie kwamba ni Wakenya. Siku ya Rehema, mwenyekiti alimuuliza, "Kaburi la babu yako liko wapi?"

"Makaburi ya Waislamu, hapo mjini."

"Sisi tunazika bomani. Mtu gani huyo hana boma?"

Watu wakacheka. Mimi pia, tena kwa sauti. Na babu yake nilimjua, Mama Kemunto. Ndiye fundi aliyenishonea kaptula ya shule, na ile suti ya harusi yetu uliyosema suruali yake inaogopa viatu. Nilitakiwa kusema maneno mawili tu. Nilinyamaza, faili ikarudishwa, na nasikia hadi leo hana kitambulisho. Hata laini ya simu anatumia ya mamake.

Ndani ya bahasha kuna karatasi nyingine. Nimeandika kwamba nilimjua babu yake, duka lake lilikuwa wapi, na kwamba siku ile nilinyamaza. Nimetia sahihi. Mpelekee wewe mwenyewe, umkabidhi mkononi, aende nayo ofisi ya usajili. Wakikwambia nimechelewa, usinitetee.

Nisalimie Mama, shemeji wa Nyamarambe, na mzee wetu wa kanisa, ambaye najua atataka kuisoma barua hii. Mpe asome. Rehema usimpe salamu zangu. Mpe karatasi tu.

Mumeo,
Baba Kemunto