Ndege ya Shemeji Yako Ilivyokwama Forodhani

Sanduku la Posta 61,
Arua, West Nile.
9 Machi 1975

Mpendwa mdogo wangu Zubeiri,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Nakuandikia baada ya kuswali Alasiri, kabla sijawasha jiko. U hali gani huko Liverpool? Na kile kifua chako, baridi imekiachia? Mke wako Mariam Poni naye, amezoea kula viazi kila siku? Sisi hatujambo, alhamdulillah. Sukari ndiyo haipo, na sabuni huonekana kwa kubahatisha kama mwezi wa Idi, lakini afya ipo na mvua zimeanza.

Kifurushi chako kimefika. Ngoja nikueleze kilivyofika, maana kufika Arua ni jambo moja, kufika nyumbani kwetu ni jingine.

Unamjua shemeji yako Umaru, tangu goti limtoe kazini kule uwanja wa ndege. Mtu aliyezoea kuzipungia ndege bendera mpaka zitulie, sasa anakaa barazani kutazama kuku. Ukimwuliza neno, anajibu kwa kichwa. Msikitini anaitikia "Amin", na hapo maneno ya siku yamekwisha. Ndiyo maana nilikulilia katika barua, nawe Mungu akakutia wazo la kumtumia ndege ya plastiki ya kuunganisha kwa mkono. Wazo jema sana. Lakini, mdogo wangu, si ungeniuliza kwanza habari za watu wa forodha!

Tuliitwa ofisini kwao. Kijana wa pale anaitwa Silvester, mtoto wa hapa jirani Pajulu, ana adabu zake. Zamani alikuwa mpakani Koboko, kwa hiyo alichozoea ni vitenge, kahawa na baiskeli. Alipofungua sanduku akakuta vile vipande vimeshikamana kwenye vijiti vyao, na gundi, na vikopo vya rangi, alishika tama.

"Mama Aminah," akasema, "hii kitu iko ndege ao iko ya kucheza? Kama iko ndege, lete barua ya jeshi. Kama iko ya kucheza, hiyo iko anasa, imekatazwa kuingia. Tunarudisha."

Nikamwambia si ya kucheza, ni ya mtu mzima.

"Mutu mzima nani?"

Nikamwonyesha Umaru na ndevu zake nyeupe. Silvester akamtazama mzee, akatazama picha ya juu ya sanduku, kisha akaniangalia mimi kwa huruma, kama mtu aliyesikia nina mgonjwa nyumbani.

Nikaona basi, inarudi Ulaya. Nikageuka kwa shemeji yako. Alikuwa ameshika kipande cha bawa, anakipapasa kwa kidole gumba, hasikii hata tunalosema. Zubeiri, uso ule sikuwa nimeuona tangu siku aliyokabidhi bendera zake. Hapo nikang'ang'ania. Nikamwuliza Silvester, baba, ni nani anayetaja bei ya kuku kwa kutazama manyoya? Acha kwanza kitu kiunganishwe, ukione, ndipo useme ni nini! Akafikiri weee. Akakubali, ila sheria haitaki mzigo utoke kabla ya uamuzi. Kwa hiyo kitaunganishwa pale pale, mezani pake.

Ikawa kila asubuhi shemeji yako anavaa kanzu safi, anachukua wembe wake wa kunyolea, anakwenda forodhani kama mwajiriwa. Mchana nampelekea chakula. Ofisi nzima ilinuka gundi. Waliokuja kulipia mizigo yao waliambiwa wangoje, bawa linakauka. Silvester mwenyewe ndiye aliyeshikilia mkia. Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja kutoka Sudan, Natale, mwenye magunia yake na haraka yake. Siku ya kwanza alipiga kelele mpaka barabarani. Kesho yake nilimkuta anapaka rangi gurudumu, ulimi nje.

Sasa pana jambo la dini. Ndani ya sanduku alikuwemo mtu mdogo wa plastiki, rubani, ana macho na pua. Roho yangu haikutulia, nikaenda kwa Sheikh Sulemani. Akasema ndege haina roho, ni kama sufuria tu, haina neno. Lakini huyo mwenye macho na pua ni sanamu, asiingie nyumbani mwa Mwislamu. Basi nikampa Natale, yeye ni Mkristo na ana watoto, akamtia mfukoni. Kiti cha rubani kikabaki kitupu.

Ndege ikaisha. Na siku hiyo hiyo mkubwa wa Silvester akaja kutoka Koboko kukagua, mtu wa kitambi, aliyetoka jeshini lakini sauti ameondoka nayo. Mimi naingia na bakuli la mchuzi, yeye anaiona ndege juu ya meza ya serikali. Akachukua sanduku, akatazama picha. Akainama, akachungulia dirisha la ndege.

"Kwenye picha rubani iko. Hapa hapana. Rubani iko wapi?"

Unajua siku hizi swali la namna hiyo halijibiwi ovyo. Natale mkono mfukoni, kamfumbata rubani. Silvester anatazama viatu vyake. Mimi nasoma Ayatul Kursi moyoni, na mchuzi unanimwagikia mkononi siusikii.

Shemeji yako akainuka na goti lake bovu, akasimama wima.

"Afande," akasema, "rubani ameshuka kuswali Adhuhuri."

Halafu kile kitambi kikaanza kutikisika. Alicheka yule bwana mpaka akaketi juu ya magunia ya Natale.

"Na ndege nani anachunga?"

"Mimi, Afande. Hiyo ndiyo kazi yangu."

Akafuta machozi, akamwuliza Silvester kitu hiki kimetengenezwa wapi. Silvester akapiga saluti. "Hapa, Afande. Kwa hii meza. Mimi niliona kwa macho."

"Kitu iliyotengenezwa Arua, unaitoza ushuru ya nini? Toa hapa! Na meza ipanguswe!"

Umaru aliibeba kiganjani, tukapita nayo katikati ya soko. Kila aliyeuliza alijibiwa, na wasiouliza pia. Huyu alielezwa bawa, yule alielezwa upepo. Mimi nyuma yake na bakuli tupu, miguu inauma, nacheka huku nafuta macho kwa mtandio. Tulifika nyumbani adhana ya Magharibi inalia.

Alitaka kukushukuru kwa mkono wake mwenyewe, lakini umwie radhi, hana nafasi. Yuko barazani na wageni, anaongea.

Nisalimie Mariam Poni sana. Rehemah wa Koboko anakusalimu, Aminah pia, na Sheikh Sulemani anauliza kama huko mnapata pa kuswali Ijumaa. Mola akulinde ugenini, akupe riziki ya halali na kifua kizima, atukutanishe tukiwa na meno bado.

Mimi dada yako, ambaye humtoki moyoni,

Hadijah