Mama, Nimenunua Jiko Kubwa

Okolona, Louisville
Kiangazi, 2015

Mama mpendwa,

Nakuomba ukae kwanza. Kama huko uliko kuna kiti kama kile chako cha plastiki cha kijani, kivute, kaa, ndipo nikwambie. Nimenunua jiko kubwa la kuchomea nyama kwa moshi. Na nikisema kubwa, sisemi limelizidi kidogo lile la zamani. Hili anaingia mbuzi na ndugu yake. Limesimama hapa uani, jeusi, la chuma kizito, lina magurudumu mawili, bomba la moshi, na kisanduku cha moto ubavuni. Jirani alipoliona aliuliza kama tunafungua mgahawa.

Najua umeshakunja uso. Nakusikia kabisa: "Sufuria kubwa halikai bure, Konsolata. Huita watu wake." Na watu uliokuwa ukiwasema hawakuwa wa harusi.

Nilikuwa bado mdogo kule kambi ya wakimbizi ya Kibondo kanisa lilipopata lile sufuria la kupikia misibani. Mtoto angeweza kuogea ndani yake. Baada ya ibada akina mama walilizunguka, na kila mmoja akawa na sababu yake. Huyu nyumba inavuja, yule mume wake hatataka, mwingine akakumbuka ghafla kwamba ameacha uji motoni. Hakuna aliyetaka sufuria la msiba lilale chini ya paa lake. Wewe ukakaza kitenge kiunoni, ukasema, "Lileteni kwangu." Dada Domitila na mimi tukalibeba, kila mtu na sikio lake, na tulicheka njia nzima kwa vile lilivyokuwa likitugonga magoti. Mvua zilipoanza, Bosco wetu, kitindamimba, alishikwa na malaria. Hakupona. Sufuria halikuhitaji kubebwa kwenda popote, lilipikia hapohapo kwetu.

Tangu hapo hukutaka kuona chombo kikubwa cha kupikia. Hata tulipofika Amerika na kutawanywa, mimi na wewe hapa Louisville, Dada Domitila na mume wake Buffalo, mdogo wangu Evariste Columbus, bado wageni uliwapikia kwa sufuria ndogo, wanakula kwa zamu kama wako hospitalini. Niliwahi kusema tuazime kubwa kanisani. Ulinitazama mpaka nikaenda kuosha vyombo visivyokuwa vichafu.

Ndiyo maana mkwe wako Zakaria alipoleta lile jiko letu la kwanza la moshi, dogo, la duara, lenye kifuniko, hukuligombeza kwa ukubwa. Uligombeza kifuniko. "Nyama gani hii inafungiwa kama mwizi?" Lakini mafuta ya paja la mbuzi yalipoanza kudondokea makaa na ule moshi ukatoka, ulisogeza kiti chako karibu, umevaa kofia ya sufi katikati ya joto la Julai, na hukuondoka tena. Ukawa ndiye mlinzi wa jiko. Mimi, mkwe wako, wajukuu, yeyote aliyenyoosha mkono kwenye kifuniko alipigwa kikofi. "Acha kufunuafunua. Nyama si mtoto mchanga." Hakuna mahali ninapokukumbuka vizuri kuliko pale, umekaa pembeni ya moshi, unatukataza.

Sasa nikwambie kwa nini nimekuasi. Ni kwa sababu ya Evariste. Pasaka iliyopita aliendesha gari kutoka kwake Linden, kule Columbus, akiwa ametoka kazini usiku kucha bila kulala. Jiko letu linabeba mapaja mawili tu. Wageni wakala kwanza, kama ulivyotufunza, kisha watoto, kisha wazee wa kanisa waliochelewa, na zamu ya ndugu ilipokaribia, muda wake wa kurudi kazini ukawa umefika. Aliondoka na kipande cha mkate mkononi akisema hana njaa. Mama, Evariste! Mwanao kusema hana njaa! Nilisimama barabarani nikalitazama gari lake mpaka likapinda kona. Niliumia sana. Nikajiambia kiangazi hiki watoto wako wote watatu watakuja hapa, kwa mara ya kwanza tangu tukuzike, na watakula pamoja, kwa wakati mmoja, nyama ya moto.

Dukani tulikuta aina tatu. La kwanza ni la umeme, unalijazia punje za mbao, linajilisha lenyewe, nawe unaenda zako kulala. Zakaria alilipenda sana, na unamjua Zakaria na usingizi. La pili ni la udongo mgumu, umbo la yai, zuri la kuweka hata sebuleni, ila ndani ni dogo. La tatu ndilo hili. Nilipoligonga kwa vidole halikulia kama debe. Chuma kinene hushika joto hata upepo ukivuma, na linakula kuni hasa, vipande vya mti unavyovishika mkononi. "Lile linalojilisha lenyewe," nikamuuliza Zakaria, "nani atakaa nalo?" Akasema, "Si ndiyo raha yake?" Nikakumbuka kile kiti cha kijani, nikasema tunachukua la chuma. Muuzaji akataka kujua huwa nawapikia watu wangapi. Wewe ulitukataza kuhesabu watu kabla hawajafika, kwa hiyo nikamjibu, "Si wengi." Zakaria alicheka mpaka akaenda kujificha kwenye majembe.

Jiko lilikuwa bado na karatasi zake za dukani Dada Domitila alipopiga simu. Wameona uvimbe kwenye titi, alisema, watautoa, kisha watautazama ni wa aina gani. Aliongea kama mtu anayekwenda kung'olewa jino. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye dirisha la jikoni, na mbele yangu, uani, lile jiko. Sufuria kubwa huita watu wake. Nilikuwa nimelinunua kwa mikono yangu, nikalikaribisha kwangu, na sasa dada yangu.

Nilimwambia Zakaria alirudishe siku ileile. "Tuwaambie lina kosa gani?" akauliza. "Kwamba linaita msiba?"

Halafu kuna jambo ambalo lingekumaliza kabisa. Maelekezo yanasema kabla ya kupikia chochote, jiko lipakwe mafuta ndani na liwashwe tupu, saa kadhaa. Tupu, Mama! Wewe ambaye hukuwahi kuinjika hata birika bila maji. Neema, mjukuu wako, ndiye aliyenisomea, na nilipomweleza kwa nini siwezi, alinijibu kwa Kiingereza chake kwamba hicho ni chuma tu, na chuma hakitujui. Nikalifunika turubai, nikalifunga kwa kamba. Nilipokuwa nikianika nguo nililigeuzia mgongo.

Evariste, ambaye hajawahi kutunza siri tangu azaliwe, akampelekea Dada habari. Simu ikalia.

"Konsolata, nasikia jiko la watu umelifunga kamba kama mbuzi."

Nikamwambia aache mzaha.

"Liwashe," akasema. "Nikipona, nitataka kula. Nikifa, mtataka kupika. Vyovyote vile unalihitaji."

Nikalia. Nilimkemea huku nalia, nikamwambia maneno hayo hayasemwi. Akaniacha nimalize, kisha sauti yake ikabadilika, ikawa ile ya zamani aliyokuwa akitulazia sisi wadogo.

"Wewe siku ile ya Bosco ulikuwa mdogo. Unakumbuka Mama alisema nini sufuria likiwa motoni?"

Sikukumbuka.

"Watu walijaa, na mvua inanyesha. Mama hakula. Ila aliniita karibu akaninong'oneza, 'Afadhali lilikuwa hapa. Ningelala vipi, waliokuja kwa mwanangu wakilala njaa?' Alilichukia baadaye, kweli, hata mimi nililichukia. Lakini siku ile lilimsitiri."

Mama, hukuwahi kuniambia hilo. Miaka yote hii nimebeba woga wako peke yake, nikaulea kama mtoto. Sikuwahi kujiuliza ulikuwa nani kabla ya woga huo. Ulikuwa yule aliyekaza kitenge mbele ya wenzake wote wakitazama chini.

Nilikwenda uani nikafungua kamba. Nilipaka mafuta, nikawasha kuni. Lakini tupu sikuliacha, nisamehe, mimi bado ni mwanao. Niliweka viazi vitamu vitatu, kimoja cha Domitila, kimoja changu, kimoja cha Evariste. Vilitoka vinanuka mafuta ya kiwandani, hata mbwa wa jirani alivikataa. Zakaria alikula kimoja chote akisema ni kitamu. Nilijua basi kwamba naye alikuwa anaogopa.

Dada alipasuliwa, tukabaki kusubiri majibu. Sitakueleza kusubiri, unakujua. Nilikuwa nafagia majivu simu ilipokuja, na hakuwa yeye. Alikuwa shemeji Bahati, mume wake, na nikauangusha ufagio, kwa sababu Bahati hapigi simu, Bahati hupokea tu. Unajua Kiswahili chake cha Uvira, nusu Kifaransa.

"Bon, shemeji, sikiya. Munganga anasema ile kitu haiko kansa. Haiko! Balishaitosha yote, haikubaki kitu. Donc, Domi anasema muache kulia, mutafute mbuzi."

Nilikaa chini palepale kwenye saruji, na majivu kwenye magoti. Nilicheka, nikalia, nikamshukuru Mungu kwa sauti mpaka jirani akachungulia. Nikavuta pumzi mpaka mwisho wake, mara ya kwanza tangu simu ile ya Dada. Hewa ilikuwa na harufu ya majivu na nyasi zilizokatwa, na sijawahi kupenda hewa namna ile.

Walikuja Jumamosi, gari moja. Bahati alitoka na Dada Buffalo, kule Kensington-Bailey wanakokaa, akampitia Evariste Columbus. Dada alishuka polepole, amepungua, kitambaa kichwani. Hakunisalimia. Alilizunguka jiko, akalipiga kofi kama anayenunua ng'ombe mnadani, akasema, "Kumbe ndilo hili," na akanyoosha mkono kwenye kifuniko.

"Acha kufunuafunua," nikasema. "Nyama si mtoto mchanga."

Sote wawili tulikusikia. Tulisimama tumekumbatiana kwenye moshi mpaka Evariste akauliza kama nyama inaungua.

Haikuungua. Mbuzi alikuwa humo, nusu mbili, na kidari cha ng'ombe, na mbavu, na kuku wazima juu, na hakuna aliyengoja zamu. Sahani ya kwanza nilimpa Evariste, kabla ya wageni, na kwa hilo unaweza kuninunia. Alikula hadi akalegeza mkanda, kisha akalala kwenye kiti na mfupa mkononi. Dada aliomba kuongezwa, akaomba tena. Nilikuwa namtazama anavyotafuna, nikiona raha hata nikasahau sahani yangu.

Jua lilipopungua, mke wa mchungaji alinisogelea. Unamkumbuka, naye alikulia kambini, mama yake ni yule aliyeacha uji motoni. Akalisifu jiko. Akasema kanisa letu hapa halina kitu kama hiki, na watu wanazidi kuwa wengi. "Kukiwa na harusi," akasema, kisha akasita. "Au msiba. Ila najua kwenu jambo hili..."

Wale wote waliotoka kambini wakawa wanatazama sahani zao. Nikamwona Dada Domitila ameacha kutafuna, ananitazama mimi.

Niliogopa kidogo, Mama, sitakudanganya. Nikakaza kitenge changu.

"Litalala hapa kwangu," nikasema. "Siku yoyote, njooni."

Pumzika sasa. Kiti chako cha kijani nimekiweka pale moshi usipoelekea, na hakuna anayeruhusiwa kukikalia isipokuwa Dada.

Mwanao wa katikati,
Konsolata