Fundi, Vibonyezo Vyako Vitatu Bado Viko Mezani

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipozima redio yako na usiiwashe tena.

Wateja uliowatengenezea saa walikuita Fundi. Sisi tulikujua kwa kelele: ti-ti-taa za Morse, herufi za milio mifupi na mirefu, kutoka chumba cha nyuma kila Jumamosi asubuhi, na kicheko chako kikitikisa nyumba nzima.

Vibonyezo vyako vya kugongea Morse tumevifuta vumbi. Kile cha springi, kinachomwaga nukta, ile milio mifupi, chenyewe, ulikiita Mropokaji. Kile cha kisasa cha vidole viwili, zawadi yetu, ulikisifu sana mbele yetu, kisha tukakikuta kimekandamiza magazeti ya zamani. Moyo wako ulikuwa kwa kile cha kubonyeza juu chini, chenye kishikio cha mbao ulichokichonga mwenyewe. "Hiki hakina haraka na mtu," ulisema.

Mama akigonga sinia mlangoni, ulimuaga kwa Morse rafiki yako wa redioni wa ng'ambo, ambaye hukuwahi kumwona sura: "Chai imefika, bosi ananiita." Mama akinuna: "Hayo makelele yako mimi siyaelewi hata chembe."

Ulipotutoka, tuliwasha redio, tukamsikia bado anakuita. Jumamosi nne mfululizo! Roho zilituuma. Nani angempa habari? Dada mkubwa ana leseni ya redio, lakini kila aliposhika kibonyezo machozi yalimzidi.

Jumamosi ya tano Mama alivuta kiti. "Nipisheni." Dada akiwa ubavuni akitusomea, Mama aligonga kile cha kishikio cha mbao polepole, herufi moja moja, bila kukosea: "Fundi amefariki. Mimi ni mkewe."

Miaka thelathini na minane, Baba, alikuwa anakusikia na kuelewa kila herufi!

Rafiki akajibu: "Pole sana, shemeji. Wewe ndiye bosi wa chai?"

Mama alilia huku anacheka. Akagonga: "Ndimi."

Sasa wanaongea kila Jumamosi, na chai tunampelekea sisi. Wiki iliyopita alitufukuza, eti tunampotezea herufi.

Unakumbukwa na mkeo, binti zako wawili, mwanao, wajukuu zako watano, mafundi wenzako, na rafiki yako wa ng'ambo. Hutatoka mioyoni mwetu, Baba. Na Mama anasema yote uliyomsema redioni aliyasikia, na amekusamehe.