Asiyesema Asikae Mbele

Jumanne, 25 Aprili 1972

Nimefika nyumbani Rumonge na makaratasi yote ya memwari, tasnifu yangu ya chuo. Mwaka wa mwisho huu! Mada: Waislamu wa ufuko huu wa ziwa na maulidi yao. Profesa amenionya mara mia: mtafiti hasemi jambo ni la kweli au la uongo, anaandika tu watu wanafanya nini. Mama kaniambia nimekonda.

Jumatano, 26 Aprili

Maulidi baada ya alasiri, kwenye madrasa ya Baba. Wakaniweka mbele, mtoto wa nyumbani aliyesoma. Nikasema karne za mwanzo hakuna aliyesoma maulidi. Nikataja miaka, miji, watawala. Baba mdogo Uledi, imamu wetu, akauliza: tukisimama katikati ya maulidi, Mtume anahudhuria — hilo vitabu vyako vinalipima na nini? Nikajibu halipimiki, kwa hiyo halinihusu. Wengine wakacheka.

Baba alingoja kicheko kiishe. "Na weye unasema nini? Tusimame ao tukae?"

Nikamwambia mimi sisemi, mimi nachunguza.

"Basi rudi nyuma. Mwenye hasemi asikae mbele."

Nikarudi nyuma, nimekasirika. Waliposimama, na mimi nilisimama. Mazoea tu.

Jumapili, 30 Aprili

Risasi tangu jana jioni. Watu wenye mapanga wamepita wakitokea upande wa Kizuka. Wanasema kuna waliouawa barabarani. Baba amefundisha kama kawaida — wanafunzi wanne.

Alhamisi, 11 Mei

Wanajeshi wamerudi. Wanatafuta waliosoma, ati ndio waliopanga uasi. Jirani yetu Pascasie amechoma diplomu za mumewe kwenye moto wa maharagwe. Mama kasema na mimi nichome makaratasi yangu. Kazi ya miaka miwili! Nimeyaficha kwenye sanduku la Baba, chini ya misahafu. Nimeona hakuna askari atakayethubutu kugusa misahafu. Na ni mimi, mtafiti, nafikiri hivyo.

Jumamosi, 13 Mei

Wamekuja baada ya adhuhuri. Mama alikuwa sokoni. Askari mmoja alipindua sanduku, misahafu ikaanguka chini, halafu makaratasi yangu juu yake. Kifaransa kitupu. Akauliza ni ya nani.

Baba hasomi Kifaransa. Hata bango la duka hasomi.

"Iko yangu," akasema.

Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Sikusema. Askari akanigeukia, mimi nafanya kazi gani? Nikasema nauza mawese. Wakampandisha Baba kwenye lori. Kofia ilimwanguka, akaomba aiokote, wakamruhusu.

Jumapili, 14 Mei

Nimeokota misahafu, nimeifuta vumbi. Makaratasi wameondoka nayo. Sikulia. Nilikula ugali na ndagala wa ziwani, nikaongeza.

Ijumaa, 19 Mei

Kila siku Mama anapeleka chakula kwenye kambi ya jeshi, walikompeleka Baba. Jana askari wa mlangoni alimwambia asilete tena. Hakumweleza kwa nini. Mama amerudi na sahani imefunikwa vilevile, akaiweka mezani, tukaitazama. Ameniuliza walimchukuaje. Nikamjibu: walikuja, wakamchukua. Akaichukua sahani, akanipakulia.

Hili daftari nalificha kwenye debe la mawese. Mafuta yameingia pembeni.

Ijumaa, 26 Mei

Baba mdogo Uledi amemwota kaka yake, Baba, mara tatu, anatawadha, amevaa nyeupe. Kwake hakuna shaka: Swedi amefariki. Anataka tumsalie sala ya ghaibu, maana maiti hatuna, na Mama akae eda, miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba.

Mama kakataa. "Mutu anakufa sababu ya ndoto? Sijaona maiti, sijapata habari."

Kisha akaniuliza vitabu vinasemaje. Nikamweleza: Wamaliki, mke wa aliyepotea hungoja miaka minne. Washafii, mpaka yakini ipatikane. Sala ya ghaibu wengine wanaikubali, wengine hapana. Nilieleza vizuri, bila kukwama. Alinisikiliza kama anavyomsikiliza mgeni.

"Sikuulizi vitabu. Nakuuliza weye. Baba yako iko hai ao amekufa?"

Nikasema sijui. Nimejitafuta ndani nione kama kuna jibu jingine, sikuona kitu. Pakavu kabisa.

Jumatano, 31 Mei

Hakuna habari. Mvua kidogo. Mume wa Pascasie naye walimchukua, hajarudi.

Ijumaa, 2 Juni

Mama amekaa uani tangu asubuhi. Kitambaa cheupe cha eda kiko magotini, kimekunjwa, hajakivaa. Baba mdogo kasema mwenye haki ya kumsalia baba ni mtoto wake, nikikubali. Mama kasema naye atanifuata mimi: nikisimama mbele nikasali, atavaa. Nisiposimama, atarudisha kitambaa sandukuni na kesho atapeleka chakula kambini, wamfukuze wakitaka.

Kwa hiyo nikisali, nimemuua. Nisiposali, huenda nimemwacha amelala huko bila hata sala.

Nilikwenda kumweleza habari ya makaratasi. Nilisema "Mama, yale —" akanikata.

"Najua iko yako. Pascasie alisikia dirishani, akaniambia siku ileile. Baba yako atajua Kifaransa wapi?" Akakinyoosha kitambaa pembeni, palipokuwa na mkunjo. "Alisema iko yake. Basi iko yake. Weye sasa nenda, watu wanangoja."

Wiki tatu amekuwa akijua, na kila siku akanipakulia. Nimeshindwa kumtazama.

Sasa niko nyuma ya mlango wa msikiti, naandika daftari likiwa gotini. Ijumaa imekwisha saliwa, watu hawakuondoka. Baba mdogo amekuja mara mbili. Mara ya kwanza aliniita kwa jina. Mara ya pili aliuliza tu, taratibu, nasemaje.

Wamepanga safu tatu. Naziona kwenye upenyo wa mlango. Mbele hakuna mtu.