Kaka, Ungepangua Gia

Kaka yangu mpendwa,

Hilo "mpendwa" nimeliweka kwa sababu barua huanzwa hivyo. Nina hasira nawe, hasira ya mwaka mzima, na kwa kuwa simu zangu hupokei, naandika hadharani, asome kila dereva wa Tunduma.

Unaikumbuka ile gari ya sport nyekundu ya milango miwili tuliyoinunua ikiwa mbovu? Miezi minane niliifungua na kuifunga kwa mikono hii, wewe ukinishikia taa na kuniletea chai ya tangawizi. Siku injini ilipowaka ulininyanyua juu pale gereji, ukawapigia kelele mafundi waliokuwa wakinicheka: "Huyu ndiye fundi! Ninyi kazi yenu kupaka grisi!" Nilikupenda sana siku ile. Ndiyo maana imeniuma hivi.

Na nilikufundisha. "Hii ina turbo, Kaka. Mlimani usikimbilie gia kubwa. Acha mshale wa mizunguko ya injini ufike elfu tatu na nusu ndipo upandishe. Ukishuka chini ya elfu mbili, pangua, rudi gia ndogo." Ukanijibu kwa utani, "Ee mukwai," yaani ndiyo mheshimiwa, kama Wazambia wa sokoni.

Kisha tukamchukua Baba tumrudishe nyumbani kwake Igamba, aone kazi yetu. Yeye alikaa mbele, mimi nyuma nimejikunja, magoti kidevuni. Mlima ulipoanza wewe ulikuwa gia ya tano, mshale uko chini kabisa, na wewe umekandamiza mafuta. Turbo inashindilia hewa, injini inazunguka polepole, mzigo wote unaangukia konrodi, ule mkono unaoshika pistoni. Nikaanza kusikia inagonga.

"Kaka, pangua!"

"Tulia wewe. Siwezi kuiliza gari mbele ya Baba."

Baba akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Aliendesha lori la kahawa tangu hatujazaliwa, akatulea na neno lake moja: gari ikilia, dereva hana adabu. Kwa lori lake alikuwa sahihi, maana lile lilivuta kutoka mizunguko ya chini kama ng'ombe wa plau. Lakini ile yetu kulia ndiyo ilikuwa afya yake. Kilichoiua ni kulazimishwa kubeba huku imezibwa mdomo.

Konrodi ikatoboa bloku ya injini, oili ikamwagika barabarani. Ukashuka, ukafungua boneti, ukamwambia Baba, "Ni huyu. Alifunga vibaya." Ulikuwa unanitazama usoni ulipotamka hayo.

Wiki ileile ukavuka mpaka. Mama mmoja anayeuza mchele pande zote mbili ameniambia uko Nakonde, unakula nshima, ugali wao, na umenenepa. Nakonde, Kaka! Hapo ng'ambo ya geti tu! Wapo watu waliokwenda mbali kuliko wewe wakarudi kuomba radhi.

Nilimpelekea Baba ile konrodi iliyopinda. Akaigeuza mara mbili, akanirudishia. "Kaka yako namjua. Hajawahi kuiliza gari." Tangu siku hiyo magari ya ukoo wote yanapelekwa kwa mafundi wengine, na wateja wameanza kuuliza kama ni kweli niliua injini. Najua kwa nini ulidanganya. Ukweli ungekulazimisha umwambie Baba kwamba somo lake ndilo lililovunja gari letu. Uliona heri kunitoa mimi kafara, dume zima na ndevu zako.

Ningeweza kunyamaza, hata hivyo. Nimezoea. Ila mwezi uliopita Baba ameuza kahawa yake yote akanunua pikapu, na pikapu hiyo ina turbo. Juzi nilikuwa Hasamba natengeneza mashine ya kusaga, nikamwona anapanda mlima na magunia, gia kubwa, polepole, kwa adabu zake zote. Injini ilikuwa inagonga. Nikatupa spana nikakimbia kando ya barabara, "Pangua, Baba! Pangua!" Akanipungia mkono, akaendelea.

Mimi hatanisikia, wewe ulishahakikisha hilo. Lakini wewe atakusikia. Radhi zako kaa nazo, sizihitaji. Mpigie leo, kabla hajapakia tena, umwambie ni gia yako ya tano iliyoua injini siku ile.

Ni mimi, mdogo wako wa kike,
fundi.